Ubao wa Matangazo Nao Ni Mlinzi: Afya na Usalama katika Majengo ya Vyuo Vyetu



Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia, kitu cha kwanza tulichokitafuta kila asubuhi baada ya sala kilikuwa "valve". Wasomaji wetu walio nje ya Kongo huenda hawalijui neno hilo. Valve ni ubao wa matangazo ukutani, mahali ambapo apariteri wa chuo anabandika ratiba ya masomo, majina ya wenye deni la frais na, mwisho wa mwaka, matokeo ya mitihani. Siku ya matokeo ilikuwa kama hukumu ndogo. Tulisukumana, tulinyoosha shingo, wengine waliondoka wakiimba na wengine wakiondoka kimya.

Kwenye kona ya chini ya ubao huo palikuwa na karatasi nyingine ambayo hakuna aliyeisoma. Ilikuwa na muhuri na sahihi, na kichwa chake kilisema kwa Kifaransa kwamba hayo ni maagizo ya usalama.

Jioni moja tulikuwa tunasoma katika jengo fulani la masomo hapa mjini. Umeme ukakatika. Mwenzetu mmoja akaenda kumimina esansi katika jenereta iliyokuwa bado moto, na mwingine akamsimamia akimmulikia kwa mshumaa. Moto ukawaka mara moja. Mtu alikimbilia ndoo ya maji akaimwaga, na esansi ikaelea juu ya maji na kuusambaza moto hadi mlangoni. Mimi nilikimbilia valve kutafuta namba ya kupiga. Namba ya kwanza ilikuwa ya mzee aliyekuwa amekwisha kuhama mji. Ya pili haikupita. Kizima-moto kilikuwepo, lakini kilifungiwa katika biro, na ufunguo ulikuwa umelala nyumbani kwa mwenye biro. Tulipouzima moto kwa mchanga, mikono ya mwenzetu ilikuwa imeungua, nasi kwa kutojua tukaipaka dawa ya meno.

Alipona, na leo ni mchungaji. Lakini vidole vyake viwili havikunji tena. Kila nikimwona akifungua Biblia kwa mikono ile, nakumbuka ile karatasi yenye muhuri. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Maagizo yalikuwepo ukutani kama sheria inavyotaka. Ila hayakuandikwa ili mtu mwenye hofu, gizani, aweze kuyasoma na kuyatii.

Ndiyo sababu naandika makala hii. Makanisa yetu yana shule, vyuo vya Biblia, na hata vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Shalom hapa Bunia, kilichokuwa zamani Taasisi ya Juu ya Theolojia na kikawa chuo kikuu mwaka 2007, ni mmoja wa matunda ya makanisa ya Kiprotestanti. Watoto wetu wengine wako katika vyuo vya serikali. Wote wanapita mbele ya ubao fulani kila siku. Tujiulize: ubao ule unawalinda?

Ukingo wa dari

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8, Musa anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu akianguka, damu isiwe juu ya nyumba ile. Tazameni mambo mawili. Kwanza, ukingo unajengwa kabla mtu hajaanguka. Pili, mwenye kuulizwa ni mwenye nyumba, siyo aliyeanguka. Mungu hakubali tuseme tu, "Angetembea kwa uangalifu."

Habakuki naye, katika sura ya pili, aliagizwa aandike maono kwenye vibao kwa namna iliyo wazi, hata mtu anayekwenda mbio aweze kuelewa. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika barua ya kwanza sura ya 14, anasema baragumu likitoa sauti isiyoeleweka hakuna atakayejiandaa kwa vita. Maneno hayo yalisemwa juu ya mambo ya ibada na unabii, lakini hekima yake inafika mpaka kwenye valve: onyo lisiloeleweka si onyo.

Tuliyojifunza wakati wa Ebola

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ukavuka ukaingia Ituri: Mandima, Mambasa, Komanda, ukafika hata Tchomia kando ya Ziwa Albert, na Bunia kwetu. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, OMS ilikuwa imehesabu wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa.

Miaka ile kuta za mji zilijaa afishi. Nyingi zilikuwa kwa Kifaransa cha daktari. Nyingine zilikuwa kwa Kiswahili sanifu cha mbali, ambacho mama wa soko la Bunia anakisikia lakini hakimwingii. Translators without Borders, shirika la watafsiri waliofanya uchunguzi Beni na Goma wakati huo, waliona jambo ambalo wachungaji tulikuwa tunaliona barazani: watu walitaka maelezo kamili katika lugha wanayoongea, siyo amri fupi katika lugha ya ofisi. Palipokosekana maelezo, uvumi uliingia. Mtu akiambiwa "usiguse maiti" bila kuelezwa kwamba virusi vinabaki katika maji ya mwili hata baada ya kifo, atafikiri anakatazwa kumlilia mama yake.

Kuna somo jingine. Ebola haijaisha, Machi 2020 Kovidi ikaingia nchini. Baadaye ikaja mpox, ambayo OMS iliitangaza kuwa dharura ya ulimwengu tarehe 14 Agosti 2024. Kila ugonjwa ulileta afishi zake, na hakuna aliyebandua za zamani. Nimeona ubao ambapo karatasi tatu za magonjwa matatu zimefunikana, moja ikisema hivi na nyingine vile. Mwanafunzi akiona hivyo anaacha kuzisoma zote.

Rangi za Goma

Ndugu zetu wa Goma wanaishi chini ya Nyiragongo, na mjini kwao kumewekwa vibao vinavyoonyesha hali ya volkano kwa rangi: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Hilo ni jambo jema la kuiga.

Lakini Goma inatufundisha pia kikomo cha ubao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka jioni, na watu wakakimbia kwa kuona mwanga mwekundu angani, siyo kwa kuarifiwa. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, ndipo wakaaji wa mitaa 10 ya mji walipoamriwa kuhama. Ubao unajua tu kile ambacho walinzi wake wanakijua, na unasema ukweli tu kama kuna mtu anayeubadilisha. Ubao usio na mlinzi ni ukuta tu.

Jinsi ya kuurekebisha ubao

Yafuatayo ni mambo saba ambayo chuo chochote, hata kisicho na fedha, kinaweza kufanya.

1. Tenga mahali. Maagizo ya afya na usalama yasichanganywe na ratiba na madeni. Yawe na ubao wake, au nusu ya ubao iliyotengwa kwa mstari mnene wa rangi. Uwekwe pale watu wanaposimama kwa kungoja: mlango mkuu, mbele ya oditwari, karibu na mahali pa kunawa mikono. Katika labo na karibu na jenereta kuwe na karatasi ya mahali pale tu. Hatari ya labo haisomwi vizuri kwenye korido.

2. Sema jambo moja kwa karatasi moja. Karatasi ya moto iseme moto. Karatasi ya kipindupindu iseme kipindupindu. Mistari mitano au sita inatosha. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na mzee asiye na miwani akisimama hatua nne. Mjaribuni mlinzi wa usiku na mama anayefagia. Wao wakielewa, maprofesa nao wataelewa.

3. Andika kwa lugha za watu. Kwetu Bunia, Kiswahili tunachoongea kiwe juu, Kifaransa chini yake. Kama wanafunzi wengi wanatumia Lingala, wekeni Lingala. Mwaweza kusikia maombi ya lugha za makabila pia. Kama mnaongeza moja, ongezeni na nyingine, ili ubao wa usalama usigeuke kuwa ubao wa kabila. Katika mkoa wetu jambo hilo si dogo.

4. Tumia rangi na picha kwa mpango. Kuna desturi iliyokubaliwa karibu ulimwengu wote: nyekundu ni katazo au vifaa vya kuzimia moto, njano ni tahadhari, bluu ni jambo la lazima, kijani ni njia ya kutokea na huduma ya kwanza. Andikeni maana hiyo chini ya ubao, kwa sababu rangi za volkano au za taa za barabarani zina maana nyingine.

5. Namba ziwe hai. Namba moja ya mtu wa chuo, moja ya mlinzi wa usiku, moja ya kituo cha afya kilicho karibu, moja ya zoni ya afya, moja ya polisi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mtu azipige zote. Isiyoita ifutwe siku hiyo hiyo. Msiandike namba mliyoinakili kwenye afishi ya zamani.

6. Weka tarehe na jina la kazi. Chini ya kila karatasi iandikwe siku iliyobandikwa, siku itakayobanduliwa, na nani anayehusika: apariteri, muuguzi wa chuo, au mjumbe wa komite ya wanafunzi. Tarehe ikipita, karatasi inaondoka. Pale ambapo kila mtu anahusika, hakuna anayehusika.

7. Fanya mazoezi. Ubao unaonyesha mshale wa kutokea. Je, mlango ule unafunguka? Unasema "kutaneni chini ya mwembe". Je, mwaka huu kuna aliyewahi kukutana hapo? Mara mbili kwa mwaka watu watoke wote, wahesabiwe, warudi. Dakika 15 hazitaharibu somo.

Mfano wa karatasi

Karatasi tuliyokuwa nayo wakati ule ilisema, kwa Kifaransa, kwamba katika hali ya ajali watumiaji wa jengo wanaombwa kuwaarifu wahusika wenye mamlaka na kufuata taratibu zinazotumika. Taratibu zipi? Wahusika gani? Leo ningeiandika hivi, na kuibandika ukutani juu ya jenereta:

JENERETA
Zima. Ngoja ipoe. Ndipo umimine esansi.
Usimulike kwa mshumaa wala kiberiti. Tumia tochi.
Isiwashwe ndani ya nyumba wala chini ya dirisha: moshi wake una sumu isiyo na harufu.
Moto ukiwaka: USIMWAGE MAJI. Tupa mchanga, au tumia kizima-moto kilicho mlangoni.
Aliyeungua: mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mpeleke kituo cha afya.
Piga simu: (namba ya mlinzi), (namba ya kituo).

Angalieni: kila mstari unaagiza tendo. Hakuna neno la kutafutwa katika kamusi. Na ndoo ya mchanga iwepo kweli pale, na kizima-moto kiwe kweli mlangoni, bila kufuli. Karatasi inayoahidi kitu kisichokuwepo ni uongo, hata ikiwa na muhuri.

Vivyo hivyo kwa ndoo za klori. Wakati wa Ebola tulifundishwa nguvu mbili: maji ya klori ya asilimia 0.05 kwa mikono, na ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vitu vilivyochafuliwa. Ya pili ina nguvu mara kumi. Ndoo mbili zikiwa zimefanana na hazina maandishi, mtu atachubua mikono yake kwa moja, na mwingine atafagilia uchafu wa mgonjwa kwa maji yasiyoua kitu. Neno "MIKONO" kwenye ndoo moja na "SAKAFU" kwenye nyingine, kwa rangi isiyofutika, ni tangazo bora kuliko ukurasa mzima.

Mambo tunayoona haya kuyaandika

Naomba niseme mawili ambayo mara nyingi yanakosekana kwenye mbao zetu.

La kwanza ni milio ya risasi. Sisi tuliokuwa Bunia Mei 2003 tunajua vijana wanavyokimbia barabarani bila kujua wanakokwenda. Mei 2021 mkoa wetu uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Si kukosa imani kuandika ukutani: lala chini, kaa mbali na madirisha, usitoke barabarani kutazama, ngoja neno la mkuu wa jengo, usisambaze uvumi kwa simu. Ni kulinda uhai.

La pili ni ubakaji. Binti aliyetendewa ubaya huo anapita mbele ya ubao akitafuta msaada bila kuuliza mtu, kwa sababu anaona aibu ambayo si yake. Ubao umwambie wazi: nenda hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu ndani ya muda huo daktari anaweza kutoa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Umwambie pia ni kituo gani kinachopokea, na kwamba hana kosa. Nimeketi na wazazi waliokuja kwangu baada ya wiki tatu. Waliona haya kusema mapema. Saa 72 zilikuwa zimekwisha kupita, nami sikuwa na la kuwaambia ila kulia pamoja nao na kuwapeleka kwa daktari kwa yale yaliyobaki kuwezekana. Ukuta ungeweza kusema kabla yangu.

Jambo moja lisiandikwe kamwe: jina la mgonjwa, wala chumba chake, wala kijiji chake. Waliopona Ebola walitengwa na majirani, wengine hata na makanisa. Ubao unatangaza ugonjwa na njia ya kujikinga, hautangazi mtu.

Kanisa lifanye nini?

Wengine watasema, "Mchungaji, hiyo ni kazi ya rekta na daktari." Ni kweli, maagizo ya kiafya lazima yatoke kwa wenye ujuzi. Kabla ya kubandika lolote kuhusu ugonjwa, nendeni kwa muuguzi mkuu wa kituo au ofisi ya zoni ya afya, waisome karatasi na kuikubali. Kanisa lisiwe chanzo kingine cha uvumi.

Lakini yako yaliyo mikononi mwetu. Wachungaji wa wanafunzi wanaweza kuomba kikao kimoja na uongozi wa chuo, wakaukagua ubao pamoja. Kwaya na vikundi vya vijana vina watu wanaochora vizuri na wanaoandika herufi nzuri. Hao wanaweza kutengeneza afishi bila gharama kubwa. Wazazi wanaolipa frais wana haki ya kuuliza kizima-moto kiko wapi. Na wale wanaoongea lugha zetu vizuri, hasa wamama, wakae na muuguzi kutafsiri. Nehemia sura ya 8 inatuonyesha Walawi wakisoma sheria na kuwaeleza watu maana yake hadi wakaelewa. Kutafsiri ni huduma.

Tena tuanze nyumbani. Majengo yetu ya ibada yanapokea mamia ya watu, na mengi hayana hata karatasi moja inayosema mlango wa pili uko wapi. Milango mingine tunaifunga kwa kufuli wakati wa ibada ili watoto wasitoke. Hilo nalo ni dari lisilo na ukingo.

Basi naomba jambo dogo. Kesho au Jumatatu, ukipita mbele ya ubao wa chuo, wa shule au wa kanisa lako, simama. Soma karatasi ya usalama mpaka mwisho. Chukua simu yako upige namba iliyoandikwa hapo. Mtu akiitika, mshukuru, na umwambie unajaribu tu. Asipoitika mtu, usiondoke kimya kama tulivyoondoka sisi miaka mingi. Mtafute apariteri, mwambie kwa heshima, na urudi baada ya wiki uone.

Mwenzangu yule wa mikono iliyoungua sasa ana chuo kidogo cha Biblia katika kanisa lake. Nilipomtembelea, kabla ya kunikaribisha chai alinipeleka kwanza mlangoni, akanionyesha ndoo ya mchanga na karatasi juu yake, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda kidogo. Niliisoma bila miwani.

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi na watoto wenu wanaosoma.